Mke Mwenza wa Bibi

Mke wangu hakuwahi kuiita sigara kwa jina lake. Tangu mwaka wa kwanza wa ndoa aliiita mke mwenzangu. Nikiingia ndani nanuka moshi, huuliza, "Mke mwenzangu hajambo?" Nikichelewa mezani, hutaka kujua kama mke mwenzake ameniruhusu kula. Siku ya harusi ya binti yetu nilitoka nje mara tatu kabla keki haijakatwa, akawaambia wageni wa meza yetu, "Msimsubiri, leo zamu si yangu." Watu walicheka, na mimi nilicheka. Mzaha ukikaa miaka mingi ndani ya nyumba huwa kama kiti kibovu: mwenyeji anajua pa kukalia, mgeni ndiye anayeanguka.

Mimi ni fundi wa makochi. Kazi yangu ni kulivua kochi nguo zake kuukuu na kulivisha mpya. Karakana yangu iko mtaa wa pili kutoka nyumbani, kati ya duka la vioo na duka la kijana anayetengeneza simu. Fundi wa makochi anapopigilia kitambaa hubana misumari midogo kwa midomo na kuitoa mmoja mmoja, kwa sababu mkono mmoja umevuta kitambaa na wa pili una nyundo. Kwa miaka thelathini na nne mdomo wangu uligawanywa: misumari kushoto, sigara kulia. Sikuwahi kuchanganya. Nyuma yangu kulikuwa na sponji hadi darini, na gundi ambayo kopo lake limechorwa moto mwekundu ili hata asiyejua kusoma aelewe. Sikuungua. Nilichukulia hiyo kuwa dalili ya ufundi.

Aliyeumia ni mjukuu wangu. Ana miaka saba, na tangu meno ya mbele yamdondoke tunamwita Pengo. Ana pumu. Jumamosi moja alikuja kulala kwetu, Jumapili mchana kifua kikaanza kupiga filimbi, jioni yuko hospitali, na akakaa huko siku nne na kinyago cha plastiki usoni. Daktari aliuliza ni nani anayevuta nyumbani. Wote walinigeukia mimi, pamoja na Pengo mwenyewe, ambaye alinipungia mkono. Niliona aibu mpaka nikatazama viatu vya daktari.

Binti yangu, mama yake Pengo, hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Alingoja miezi miwili, hadi alipopata nafasi ya mafunzo ya kazi katika mji mwingine, miezi sita, na mtoto akahitaji pa kukaa. Baba yake yuko melini, hurudi mara mbili kwa mwaka. Zilibaki nyumba mbili: yetu, ambayo ni dakika kumi kwa miguu kutoka shuleni, na ya shangazi yake, mtu mwema sana, anayeishi safari ya siku nzima na ambaye Pengo anamjua kwa picha.

"Baba," binti yangu aliniambia, "sikuombi. Nakuarifu. Ukiacha kuvuta, anakaa kwenu. Usipoacha, anakwenda kwa shangazi yake. Na nikisikia umerudia, nakuja kumchukua."

"Nitaacha."

"Umeshaacha mara ngapi, Baba?"

"Sita."

"Basi kuacha unajua. Jifunze kutorudi."

Mke wangu alikuwa akikunja nguo. "Talaka sita," alisema, "na zote rejea."

Niliacha Jumatatu. Nilikuwa na pakiti saba, tano karakanani na mbili nyumbani. Sita nilizivunjavunja ndani ya ndoo ya maji mbele ya mke wangu, naye akasimama kama shahidi mahakamani. Ya saba nilisema haipo. Alipoondoka kwenda kazini, nililipindua kochi la watu watatu la sebuleni, nikang'oa misumari ya kitambaa cha chini, nikaishona ile pakiti ndani ya kipande cha turubai kwenye mkanda wa katikati unaobeba sponji, nikapigilia kitambaa upya. Misumari arobaini na minne. Sikuwa na nia ya kuivuta, nilitaka tu kujua kwamba ipo. Najifahamu, mimi ni mvivu wa kazi isiyo na mteja. Nilipiga hesabu kuwa mtu akianza kung'oa misumari arobaini na minne kwa ajili ya sigara moja, akifika msumari wa ishirini hamu itakuwa imepita. Jioni mke wangu alirudi, akakaa juu yake, akatazama taarifa ya habari.

Wiki ya kwanza sikuwa mtu wa kukaa naye. Nilimgombeza mteja kwa kuniletea kiti cha miguu mitatu, kisha nikakumbuka kwamba mguu wa nne niliutoa mimi. Misumari nikaanza kuibana pande zote mbili za mdomo, hata nikiwa sina kazi, hata nikiwa njiani kwenda dukani, na mwenye duka akaacha kunisalimia akidhani sitaki kujibu. Nyumbani nilizima redio kwa sababu mtangazaji alikuwa na furaha.

"Nimeishi nawe na mke mwenzangu miaka thelathini na miwili," mke wangu alisema. "Sikujua kwamba kati yenu wawili, mwenye adabu alikuwa yeye."

Mke wangu ni mpokea wagonjwa katika kliniki ya meno. Kila nikifungua mdomo kumjibu huwa anatazama meno yangu kwa huzuni ya kikazi, kwa hiyo nilinyamaza.

Mwisho wa wiki ya pili binti yangu alikuja kukagua. Alinusa mapazia. Alinusa mito. Alinusa shati langu nikiwa ndani yake. Akainama akanusa kochi, na moyo wangu ukadunda kama nyundo juu ya mbao tupu, lakini turubai ni turubai. Siku hiyo alituachia Pengo, begi la shule, na pampu mbili za pumu, moja ya kukaa nyumbani na moja ya kutembea nayo. Pengo alizionyesha zote mbili kama mtu anayetambulisha ndugu zake.

Hapo ningetulia, hadithi ingekwisha. Lakini yule kijana wa simu, jirani yangu wa karakana, alikuwa ameanza kuuza vepu, zile sigara za umeme.

"Hii si sigara, mzee," aliniambia. "Ni mvuke tu. Kama birika."

Sina ugomvi na birika. Nikachukua moja yenye ladha ya tikitimaji, nikawa naivutia karakanani tu, dirisha wazi, nikifukuza mvuke kwa kipande cha kadibodi. Kwa siku tisa nilijiona mjanja kuliko madaktari wote. Siku ya kumi Pengo alitoka shule, akaja karakanani kama kawaida yake, akapanda juu ya bunda la sponji na daftari lake.

"Babu, leo hapa kunanukia tunda."

"Ni kitambaa kipya."

Akakohoa. Akakohoa tena. Akatoa pampu, akaitikisa, akavuta, akahesabu kumi kwa vidole kama alivyofundishwa, akavuta mara ya pili. Kisha akanitazama kwa uso wa kuomba radhi, kana kwamba amemwaga kitu kwenye kitambaa cha mteja. Nilifunga karakana saa tisa na nusu nikamrudisha nyumbani nimembeba mgongoni, ingawa alisema anaweza kutembea.

Mke wangu aliporudi kazini alinikuta jikoni. Alishika ukosi wa shati langu, akanusa upande huu, akanusa upande ule.

"Tikitimaji," alisema.

"Ni mvuke tu."

"Yaani umemwacha mke mwenzangu, ukamchukua mdogo wake?"

"Sikiliza..."

"Mdogo wake! Tena wa kujipaka manukato! Mkubwa angalau alikuwa ananuka alivyo. Mwache na huyo, Fundi. Mwache kabla jua la kesho halijapanda."

Pengo alikuwa mezani akifanya hesabu za kutoa. Penseli yake ilisimama. Niliona ikisimama, nikadhani hesabu ni ngumu.

Asubuhi nilifungua kopo la gundi, la lita nne, nikaitumbukiza ile vepu. Ilizama polepole, ikatoa kiputo kimoja, ikatulia. Gundi yote nikaitupa. Tangu siku hiyo sikuvuta kitu cha aina yoyote, na nikisema hivyo sijisifu, maana kila jioni nilikuwa nakaa kwenye kochi la watu watatu, mahali pale pale pa katikati, mkono juu ya kiti.

Alhamisi, baada ya shule na chakula, Pengo alikuja akakaa pembeni yangu kochini. Mke wangu alikuwa kazini.

"Babu, unamkumbuka?"

"Nani?"

"Yule mke mwenza wa Bibi."

Nilifurahi. Nikajiambia mtoto huyu ana akili, ameudaka mzaha wa nyumba bila kuelezwa. Nikaona nimjibu kwa lugha hiyohiyo.

"Kila siku," nilisema. "Hasa baada ya kula."

"Ulianza kumjua nani, yeye au Bibi?"

"Yeye. Bibi yako alimkuta."

"Bibi hakukasirika?"

"Alikasirika. Halafu akazoea."

"Alikuwa anakufanyia nini?"

Hilo sikuwahi kuulizwa, nikalifikiria. "Alikuwa ananituliza. Kazi ikiwa ngumu nakaa naye nje kidogo, ananisikiliza, narudi."

"Na kwa nini umemwacha?"

"Kwa ajili yako," nilisema, nikampapasa kichwa. "Wewe na yeye hamwezi kukaa nyumba moja."

Nilidhani nimesema jambo zuri. Nilitaka ajue kuna mtu anayejinyima kwa ajili yake, na kusema kweli nilitaka sifa kidogo, kwa sababu nyumba nzima hakuna aliyenipa. Pengo alishuka kochini. Akaomba ruhusa ya kwenda kucheza, akaenda akasimama uani, na hakucheza.

Jumamosi saa nane mchana, mlango ukabishwa. Alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, amevaa suti. Huyu tunamwita Mkaguzi, kwa kuwa alikuwa mkaguzi wa mizani hadi alipostaafu, na bado hawezi kununua sukari bila kuinama kutazama mshale. Nyuma yake alikuwa Mama Pacha, jirani wa mlango wa pili, ambaye watoto wake wanasoma darasa moja na Pengo. Nikawakaribisha. Wakakaa kwenye kochi la watu watatu, kila mmoja na ncha yake, kisha Mkaguzi akasogea katikati apate kuniona vizuri.

"Shemeji," alisema, "sitazunguka mbuyu. Tumesikia kwamba umeacha."

Hatimaye, nikasema moyoni. Watu wamenivalia suti.

"Ni kweli," nilijibu. "Jumatatu natimiza mwezi."

"Na unalisema kifua mbele."

"Nisiseme kifua mbele kwa nini? Wengi wanashindwa."

Mkaguzi alimtazama Mama Pacha. Mama Pacha alitazama zulia.

"Mlikuwa pamoja miaka mingapi?"

"Thelathini na nne."

"Na dada yangu anajua?"

"Anajua tangu mwanzo. Yeye ndiye aliyempa jina."

"Mlikuwa mkikutana wapi?" aliuliza Mama Pacha kwa sauti ya chini.

"Karakanani zaidi. Hapa nyumbani, nyuma pale penye tangi la maji. Mvua ikinyesha, chooni."

Mama Pacha alifumba macho.

"Shemeji," Mkaguzi alisema, "mimi sikuja kukuhukumu. Nimekuja kusema neno moja la haki. Mtu uliyekaa naye miaka thelathini na nne humfukuzi kama kuku aliyeingia jikoni. Unapunguza taratibu. Unamwangalia hata mara moja kwa wiki."

Nilishangaa. Mwezi mzima watu wananiambia nikaze, nikaze, na huyu hapa, mtu aliyestaafu kwa heshima, ananipa ruhusa. Alikuwa amekaa juu ya ile pakiti kabisa.

"Mara moja kwa wiki?" niliuliza. "Wewe unaona haina madhara?"

"Ni haki yake."

"Nitafikiria," nilisema, na nilimaanisha.

"Na huyo mdogo wake?" aliuliza Mama Pacha.

"Aa, huyo nilikaa naye siku kumi tu. Nilimtumbukiza kwenye gundi."

Mkaguzi aliweka mikono yote miwili juu ya magoti.

"Ulimtumbukiza," alisema Mkaguzi.

"Kopo la lita nne. Alitoa kiputo kimoja, basi."

Mama Pacha alisimama, akakaa, akasimama tena. Mkaguzi hakusogea. Kazi yake yote ilikuwa vipimo, na alikwama kwenye vipimo.

"Shemeji. Mtu mzima, ndani ya lita nne?"

"Alikuwa mwembamba," nilisema, "kama kidole. Ila gundi yote imeharibika."

Ufunguo ukazunguka mlangoni, mke wangu akaingia na sare yake ya kliniki. Akamwona kaka yake.

"Kaka, mbona suti? Nani amekufa?"

"Hilo ndilo tunalotaka kujua," alisema Mkaguzi.

Akaelezwa yote, kwa utaratibu, kuanzia mke mwingine niliyemwacha hadi mdogo wake niliyemzamisha. Mke wangu alisikiliza mpaka kwenye gundi. Hapo akakaa chini kwenye zulia na mkoba wake, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akawa anapiga zulia kwa kiganja. Kila akijaribu kusema, neno linakatika. Mwishowe likatoka.

"Sigara! Kaka, mke mwenzangu ni sigara! Na mdogo wake ni vepu!"

Mkaguzi alijitazama kifuani. "Nimepiga pasi suti," alisema, "kwa ajili ya sigara."

Na mimi ndipo nilipoelewa tulichokuwa tukizungumza. Nikaanza kucheka, nikachelewa.

"Nani aliyewaambia haya?" mke wangu aliuliza akijifuta macho.

Mama Pacha hakucheka. "Pengo," alisema. "Jana alikuja kwangu akaniomba nimpigie simu mama yake aje kumchukua, ampeleke kwa shangazi yake. Nikamuuliza kulikoni. Akasema Babu amemwacha mke wake mwingine kwa sababu yake yeye, na kila siku anakaa kochini akimwaza, na kwamba yeye akiondoka, yule mke anaweza kurudi. Nikaona nisipige simu kabla sijaona wakubwa."

Kicheko kiliisha sebuleni kama taa iliyozimwa.

Pengo alikuwa chumbani kwake, amekaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amevaa viatu vya shule, amefunga na kamba, begi mgongoni, pampu mkononi. Begi lilikuwa limejaa hadi zipu imeshindwa, na mkono wa sweta ulikuwa umetoka nje.

"Nimemaliza kupanga," aliniambia.

Nikapiga magoti mbele yake. Magoti yangu hulia, na kwa kawaida hucheka akiyasikia. "Pengo, hakuna mke mwingine. Ilikuwa sigara. Bibi alikuwa anatania."

"Ulisema anakusikiliza."

"Nilisema, ndiyo."

"Sigara haina masikio."

"Haina. Nilikuwa natania na mimi."

Alinitazama kwa subira ambayo watoto huwapa watu wazima wanaodanganya kwa nia njema. "Umemwambia Babu Mkaguzi utafikiria. Nimesikia nikiwa koridoni. Babu, mimi nikienda kwa shangazi hutakuwa na haja ya kufikiria."

Nimejipigilia msumari kwenye kidole gumba mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Hakuna uliouma namna hiyo. Mtoto wa miaka saba alikuwa tayari kwenda kukaa na picha ili mimi nipate raha yangu, na raha yenyewe ni ile iliyomlaza hospitali siku nne. Niliona haya, na niliogopa, kwa sababu alikuwa ameamua kweli.

"Ni sigara," nilisema tena. "Nakuapia."

"Kama ni sigara, iko wapi?"

"Bibi yako aliona. Nilizitia kwenye ndoo."

"Zote?"

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu, nilijua kwa harufu ya dawa ya kliniki. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu nilikuwa nimeitandikia sponji, nikaipigilia na kitambaa, nikamkalisha mke wangu juu yake mwezi mzima. Ningeweza kusema zote. Pengo angeondoka akiamini kuna mwanamke mahali fulani anayenisubiri.

"Moja ipo," nilisema.

Mke wangu alitupisha mlangoni.

Nilirudi sebuleni, nikamwomba Mkaguzi asimame, nikalipindua kochi miguu juu. Nikachukua koleo. Pengo alisimama karibu, begi lake mgongoni, akawa anahesabu misumari inavyotoka, mmoja, miwili, mitatu, na mimi nikiiweka mdomoni kwa mazoea. Nilipofika wa ishirini niligundua kwamba hesabu yangu ya zamani ilikuwa ya uongo. Hamu haikupita. Harufu ya tumbaku ilinifikia, au nilijidanganya kwamba imenifikia, na mate yakajaa kinywani katikati ya vyuma. Watu wakisimulia mambo kama haya husema siku fulani moyo uligeuka. Wangu haukugeuka. Nilitaka kuvuta, na nilitaka mtoto abaki, na mikono ikaendelea kung'oa.

"Arobaini na minne," alisema Pengo.

Nikafunua kitambaa, nikakata uzi, nikafungua turubai. Nikaitoa pakiti nikaiweka kwenye kiganja, chini, usawa wa macho yake. Nikatema misumari mkono wa pili nipate kusema.

"Huyu hapa."

"Huyu ndiye?"

"Ndiye."

Aliizunguka bila kuigusa. Alitazama juu, akatazama ubavuni, akasoma maandishi ya onyo kwa kuyatamka herufi kwa herufi, mpaka mwisho.

"Mbona mdogo hivi?"

Nilishusha kiganja zaidi aione vizuri.

"Ana watoto?" aliuliza.

"Hana."

"Basi mwache," alisema.

Mke wangu alinyoosha mkono. Nikampa pakiti. Alikwenda nayo jikoni, tukasikia bomba likifunguliwa, na maji yakatoka kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Mama Pacha alikumbuka kwamba ameacha kitu mekoni. Mkaguzi alimfuata, na mlangoni akanigeukia akasema, kwa ajili ya kumbukumbu, kwamba ile ruhusa ya mara moja kwa wiki imefutwa.

Mke wangu aliporudi aliitazama misumari kiganjani mwangu.

"Mwezi mzima," alisema. "Nimekaa juu yake mwezi mzima nikitazama habari."

"Nisamehe."

"Nitafikiria," alisema. "Mpigie mwanao. Umwambie mwenyewe, usipunguze."

Nilimpigia. Nilimwambia pakiti ya saba, nikamwambia vepu, siku kumi, nikamwambia alivyokohoa juu ya sponji. Sikupunguza. Binti yangu akasema nimpe mtoto.

"Mama," Pengo alisema, "hapana, usije na gari la kunichukua. Nimemwona. Ni mdogo tu, na hana watoto." Akasikiliza. "Ndiyo, Babu ameniangukia magoti. Yalilia." Akasikiliza tena, akanirudishia simu.

"Kesho nakuja," alisema binti yangu. "Na nakuja kunusa, Baba. Nikinusa kitu, narudi naye."

"Njoo unuse," nilisema.

Kochi lilikuwa bado miguu juu. Nikavuta kitambaa kirudi mahali pake, nikaomba nyundo, na Pengo akanipa, kisha akajipa kazi ya kunipitishia misumari mmoja mmoja ili nisiiweke mdomoni. Tulipobakiza upande mmoja aliuzuia mkono wangu.

"Na humu hakuna mwingine?"

"Hakuna."

Alinitazama. Akalala kifudifudi, begi lingali mgongoni, akaingiza kichwa ndani ya kochi hadi mabegani, akakaa humo akikagua, mkanda kwa mkanda. Alipotoka alikuwa na vumbi la sponji kwenye nyusi. Alikaa chini, akafungua kamba, akavua viatu.